Tusiite kila hasidi wa kompyuta virusi

Wahenga hawakukosea waliponena kuwa kikulacho ki nguoni mwako. Ukweli wa methali hiyo niliushuhudia miaka kadhaa iliyopita katika shule moja ya upili nilikokuwa nikifundisha. Ilikuwa wiki ya mwisho ya muhula wa pili, wakati ambapo chumba cha walimu hugeuka kuwa mfano wa mzinga wa nyuki. Kila mmoja wetu alikuwa mbioni kukamilisha alama za mtihani, na kwa kuwa printa ilikuwa moja tu, flashi moja nyekundu ilizunguka kutoka mkono hadi mkono na kutoka kompyuta hadi kompyuta, bila yeyote kujiuliza ilikotoka wala ilikokuwa imelala usiku uliotangulia.

Alasiri moja, mwenzetu aliyekuwa akisimamia mitihani aliichomeka flashi hiyo, akapigwa na butwaa. Folda zilizohifadhi alama za wanafunzi wa Kidato cha Nne, tangu walipoingia Kidato cha Kwanza, zilikuwa zimegeuka vijipicha vyenye mshale mdogo pembeni. Alipozibofya, hazikufunguka.

"Mwalimu, hivyo ni virusi," akasema mmoja wetu.

"Virusi hivyo, havina dawa," wengine tukaitikia.

Akaitwa kijana aliyezoea kututengenezea kompyuta. Naye, pasi na kuuliza lolote, akaifuta flashi yote ili kuviua virusi. Jioni hiyo flashi ikajazwa faili nyingine. Virusi vikafa kweli, na alama za miaka mitatu na nusu zikafa navyo.

Baadaye nilikuja kutanabahi jambo linaloniuma hadi leo. Faili zile hazikuwa zimeharibiwa hata kidogo. Programu iliyoingia katika flashi ilikuwa imezificha tu, na mahali pake ikaweka njia za mkato zenye majina yaleyale. Mtu akibofya njia hiyo ya mkato, huiamsha programu bila kujua, nayo hujinakili katika kompyuta anayoitumia. Ingetosha kuiamuru kompyuta ionyeshe faili zilizofichwa, kisha kuzinakili mahali salama. Kazi ya dakika tano! Kilichoangamiza alama zetu, basi, hakikuwa hasidi aliyeingia. Ilikuwa dawa tuliyompa tukiwa hatumjui.

Hiyo ndiyo sababu ya makala haya. Neno virusi limekuwa kama neno homa vinywani mwetu. Tabibu stadi hamtibu kila mwenye homa kwa dawa ya malaria. Kwanza hupima, akajua ni malaria, homa ya matumbo au homa ya mapafu, ndipo akatoa dawa. Wataalamu wa kompyuta nao hutumia jina moja la jumla, yaani programu hasidi, kwa kila programu iliyoundwa kwa nia ya kudhuru, kuiba au kupeleleza. Chini ya jina hilo kuna jamii nyingi, na kila jamii ina mlango wake wa kuingilia na namna yake ya kudhuru. Asiyeujua mlango hawezi kuufunga.

Hebu tuanze na virusi wenyewe. Mnamo Novemba 1983, Fred Cohen, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Southern California nchini Marekani, aliwaonyesha wanasemina wenzake programu ndogo iliyoweza kujipachika ndani ya programu nyingine. Mwalimu wake, Leonard Adleman, ndiye aliyependekeza iitwe virusi, na jina hilo halikuwa la mapambo. Virusi vya maradhi haviwezi kuzaana pasipo kuingia katika seli ya kiumbe hai. Vivyo hivyo, virusi vya kompyuta haviishi peke yavyo. Hujishikiza kwenye programu au faili ya mwenyeji, vikasubiri mtu aifungue, ndipo vikaamka na kujinakili kwingineko. Katika majaribio ya Cohen, programu hiyo ilipata mamlaka yote ya mfumo katika muda usiozidi saa moja kila mara ilipoachiliwa.

Virusi vya kwanza kuenea duniani kupitia kompyuta ndogo za mezani vilitokea mwaka 1986 mjini Lahore, Pakistan. Ndugu wawili, Basit na Amjad Farooq Alvi, waliokuwa na duka la kompyuta, waliviunda na kuviita Brain. Walieleza kuwa nia yao ilikuwa kuwabaini watu walionakili programu yao bila kuilipia. Virusi hivyo vilijificha katika sehemu ya diski ambayo kompyuta huisoma kwanza inapowashwa, hivyo vilikuwa macho kabla ya kitu kingine chochote. Ajabu ni kuwa ndugu hao waliandika ndani yake majina yao, anwani na nambari za simu! Diski zikasafiri mifukoni mwa watu, kutoka mkono hadi mkono kama flashi yetu nyekundu, hadi ng'ambo ya bahari.

Jamii ya pili ni minyoo. Tofauti yake na virusi si ndogo. Mnyoo hauhitaji kujishikiza kwenye programu nyingine; ni programu kamili inayojinakili yenyewe, na mara nyingi hutambaa katika mtandao kutoka kompyuta moja hadi nyingine bila mtu kubofya kitu. Tarehe 2 Novemba 1988, Robert Tappan Morris, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell, aliachilia mnyoo katika intaneti iliyokuwa ingali changa. Uliingia kupitia kasoro za programu za barua-pepe na za kutafuta majina ya watumiaji, na pia kwa kubahatisha maneno ya siri yaliyokuwa mepesi. Morris alikuwa ameuagiza mnyoo wake uulize kwanza iwapo kompyuta ilikwisha kuingiwa. Akihofia kwamba watu wangeuhadaa kwa jibu la uongo, akauamuru ujinakili mara moja katika kila mara saba hata ukiambiwa kuwa mwenziwe yumo. Hesabu hiyo ndiyo iliyomponza. Kompyuta zilijaa nakala juu ya nakala hadi zikashindwa kufanya kazi, na ilikadiriwa kuwa 6,000 hivi ziliathirika.

Mzaha mzaha hutumbuka usaha. Mnyoo ule haukufuta faili ya mtu yeyote, lakini mwaka 1990 mahakama ilimpata Morris na hatia. Alihukumiwa kifungo cha nje cha miaka 3, saa 400 za kuihudumia jamii, na faini ya dola 10,050.

Msomaji atakuwa amekwisha kutambua kuwa hasidi aliyeificha kazi yetu alikuwa karibu zaidi na minyoo kuliko virusi. Hakujishikiza ndani ya faili zetu; alizificha, akasimama mlangoni akijifanya ndizo. Laiti tungalijua hivyo, tungalijua pia kwamba faili zenyewe zi salama.

Jamii ya tatu imepewa jina la Farasi wa Troya. Wapenzi wa fasihi wanakijua kisa hicho. Wagiriki waliuzingira mji wa Troya kwa miaka kumi bila kuuteka, kisha wakaunda farasi mkubwa wa mbao, wakamwacha langoni na kujifanya wameondoka. Wenyeji wakamwingiza mjini kwa shangwe, kumbe tumboni mwake mlikuwa na askari. Programu za aina hii hazivunji mlango. Huja zikiwa zimevaa joho la kitu tunachokitaka, mathalani mchezo, kitabu cha bure, majibu ya mtihani au programu ghali iliyovunjwa kufuli, nasi wenyewe tukazifungulia.

Mfano mmoja unatuhusu kwa karibu. Mnamo Desemba 1989, diski zipatazo 20,000 zilitumwa kwa posta kwa watu wa nchi mbalimbali, wakiwemo waliokuwa wamehudhuria kongamano la Shirika la Afya Duniani kuhusu ukimwi. Lebo ilieleza kuwa diski hizo zilibeba maarifa kuhusu ukimwi, na kweli yalikuwemo maswali ya kumpima msomaji hatari aliyokuwa nayo. Lakini kichinichini programu hiyo ilihesabu idadi ya mara kompyuta ilipowashwa. Ilipofika mara ya 90, ilizificha folda na kuyavuruga majina ya faili, kisha ikamtaka mwenye kompyuta atume dola 189 kwa sanduku la posta nchini Panama. Aliyeshtakiwa kwa kitendo hicho alikuwa Joseph Popp, msomi wa Marekani aliyewahi kuishi hapa Kenya akiwachunguza nyani. Kesi yake nchini Uingereza haikukamilika, kwani ilionekana kuwa hali ya akili yake haikumwezesha kushtakiwa.

Kuna jambo katika kisa hicho linalonichoma moyo. Yaliyomo katika faili hayakuguswa; majina tu ndiyo yaliyovurugwa, na haukupita muda mrefu kabla ya wataalamu kupata njia ya kuyarejesha. Hata hivyo, baadhi ya waathiriwa walishikwa na hofu, wakazifuta diski zao na kupoteza kazi ya miaka mingi. Walifanya lilelile tulilolifanya sisi.

Ulaghai na mwendo wa mnyoo vinaweza pia kukutana katika programu moja. Mwezi Mei 2000, watu duniani kote walipokea barua-pepe yenye kichwa cha kuwaambia kuwa wanapendwa, na ndani yake kiambatisho kilichojifanya waraka wa mapenzi. Jina la kiambatisho lilionekana kana kwamba ni maandishi ya kawaida, kwa sababu kompyuta nyingi zilikuwa zimepangwa zisionyeshe herufi za mwisho zinazotambulisha aina ya faili. Aliyekifungua aliiruhusu programu iharibu picha zake na kujituma kwa kila mtu aliyekuwa katika orodha yake ya anwani. Ni nani asiyefungua barua ya mapenzi kutoka kwa mtu anayemfahamu? Muundaji wake, Onel de Guzman wa Ufilipino, alikuwa kijana aliyesomea kompyuta. Hakuadhibiwa, kwa kuwa nchi yake haikuwa na sheria ya makosa hayo. Sheria ilipitishwa mwezi uliofuata.

Siku hizi jamii inayoogopwa kuliko zote ni ya programu zinazoteka faili nyara na kudai kikombozi. Hizi haziishii kuvuruga majina. Huyafumba kwa hesabu za siri maandishi, picha na kila kilichomo, hata asiye na ufunguo asiweze kusoma chochote. Mnamo tarehe 12 Mei 2017, programu iliyoitwa WannaCry ilivamia zaidi ya kompyuta 200,000 katika nchi zipatazo 150 ikidai dola 300 kwa kila moja. Katika huduma ya afya ya Uingereza, zaidi ya miadi 6,900 ya wagonjwa ilifutwa, ikiwemo ya upasuaji. WannaCry ilitambaa yenyewe kama mnyoo kupitia ufa katika mfumo wa Windows. Na la kusikitisha ni kuwa kiraka cha kuziba ufa huo kilikuwa kimetolewa na kampuni ya Microsoft tarehe 14 Machi mwaka huohuo, takriban miezi miwili kabla ya shambulio. Usipoziba ufa utajenga ukuta.

Wapo pia mahasidi wasiotaka uwatambue kamwe. Programu za kijasusi hukaa kimya zikinakili kila kitufe unachobofya, yakiwemo maneno ya siri ya benki. Zeus, iliyogunduliwa mwaka 2007, ilijipatia sifa mbaya kwa wizi wa namna hiyo. Nyingine huigeuza mashine yako kuwa askari wa kukodiwa katika jeshi la mamia ya maelfu ya mashine zinazopokea amri kutoka kwa mtu mmoja. Mwaka 2016, programu iitwayo Mirai iliteka kamera za usalama na vifaa vingine vya intaneti kwa kujaribu orodha fupi, isiyozidi jozi 70, ya majina na maneno ya siri ambayo viwanda huwekea vifaa hivyo, nayo ikafanikiwa kwa kuwa wenyewe hawakuyabadilisha. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo jeshi la aina hiyo lilitumiwa kuishambulia kampuni ya Dyn, na kwa saa kadhaa watu wengi nchini Marekani hawakuweza kuzifikia huduma kubwa kama vile Twitter na Netflix. Vijana watatu walikiri mahakamani mnamo Desemba 2017 kuwa waliiunda Mirai.

Nimesimulia visa hivi ili tuone kuwa, licha ya wingi wa majina, milango ni mitatu tu. Wa kwanza ni ufa katika programu ambao haujazibwa. Wa pili ni neno la siri lililo dhaifu, au lisilo siri. Wa tatu, ulio mpana kuliko yote, ni binadamu mwenyewe: udadisi wake, haraka yake, tamaa yake ya vya bure, na imani yake kwa kila kitokacho mkononi mwa rafiki. Mlango huu wa tatu hauzibwi na programu yoyote ya kukinga virusi. Huzibwa na elimu.

Na hapa ndipo ninapowageukia walimu wenzangu. Wanafunzi wa somo la kompyuta hufundishwa usalama wa data; wakiulizwa katika mtihani wataje aina nne za programu hasidi, watazitaja bila kusita. Baada ya mtihani, mwanafunzi huyohuyo ataokota flashi njiani na kuichomeka. Tusimlaumu, kwani katika maabara yetu ameona neno la siri limebandikwa ukutani, ujumbe wa kusasisha mfumo umeahirishwa mwaka mzima, na mwalimu wake akipakua programu zilizovunjwa kufuli. Mtoto huiga atendalo mkubwa, si asemalo.

Mambo ya kufanya si mengi wala hayahitaji bajeti kubwa. Tukubali masasisho yanapokuja. Kila mtumiaji awe na neno lake la siri, refu na lisilobahatishwa kwa urahisi. Flashi ikaguliwe kwa programu ya kinga kabla ya kufunguliwa, hata kama mwenyewe ni mwalimu mkuu. Kiambatisho kisichotarajiwa kisifunguliwe kabla ya kumwuliza aliyekituma, kwani huenda hajui kuwa ametuma. Na yote haya yanahusu simu tulizonazo mifukoni vilevile, maana simu ni kompyuta, na kiungo cha kupakua programu kinachosambazwa katika makundi ya WhatsApp ni farasi mwingine wa mbao langoni.

La muhimu kuliko yote ni nakala. Akiba haiozi. Kazi yoyote tusiyoweza kuifanya upya iwe na nakala zisizopungua mbili nje ya kompyuta inakofanyiwa, na mojawapo isiwe imeunganishwa na mashine hiyo wakati wote, maana mteka nyara akiingia hufumba kila anachokifikia. Mwenye nakala hana haja ya kumpigia magoti anayedai kikombozi.

Na balaa likishaingia, tusikimbilie kufuta. Mashine itengwe na mtandao, flashi isihamishiwe kwingine, na mjuzi aulizwe maswali mawili kabla ya jingine lolote: ni jamii gani hii, na je, faili zimeharibiwa, zimefumbwa au zimefichwa tu? Matibabu yafuate majibu.

Neno la mwisho ni kwenu wanafunzi. Mmeona kuwa Cohen, Morris na de Guzman walikuwa vijana wasomi mlivyo ninyi. Akili yao ilikuwa moja. Matumizi ndiyo yaliyotofautiana. Cohen aliomba idhini ya kufanya majaribio yake, akachapisha aliyoyapata, na maarifa yake yakawasaidia walinzi wa kompyuta hadi leo. Wawili wengine walizifungua kompyuta za watu bila ruhusa. Kinyume na Ufilipino ya mwaka 2000, Kenya ina Sheria ya Matumizi Mabaya ya Kompyuta na Uhalifu wa Mtandaoni ya mwaka 2018, ambayo imefanya kuingia katika kompyuta ya mwingine bila idhini kuwa kosa la jinai. Kijana mwenye kipawa cha kugundua nyufa anahitajika mno katika nchi hii, mradi tu aoneshe ufa kwa mwenye nyumba badala ya kupenya usiku.

Ama wanafunzi wetu wa Kidato cha Nne, walimu tulilazimika kupekua daftari kuukuu na vipande vya karatasi ili kuziunga upya alama zao, na nyingine hatukuzipata asilani. Kwa wanafunzi kadhaa, maendeleo ya miaka mitatu na nusu yalibaki kuwa kumbukumbu ya mwalimu tu. Hawakuwa wamefanya kosa lolote. Sisi ndio tuliowapoteza, kwa kuliita jambo tusilolijua jina tulilolizoea.